Tata, Nimefungua Sanduku Lako la Polishi

Tata,

Ni mimi, binti yako Koku. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma hapa Bilele, waksi imeniganda kwenye kucha, na ninaogopa. Nalisema hili mapema kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka mbuyu.

Gari lako bado lipo. Tangu ulipoanguka pembeni yake mwaka juzi, kitambaa kikiwa bado mkononi, hakuna mtu wa nyumba hii aliyeling'arisha. Mume wangu alikuwa analipeleka kuoshwa mjini. Wanalimwagia povu, wanalifuta na matambara yao machafu, basi. Ungeliona ungelia. Boneti ina michubuko ya duara duara, mlango wa dereva umepauka. Kesho tunakwenda Muleba, mjukuu wa dada yako anapata kipaimara, nikasema hapana, siingii kijijini kwa Tata na gari la hivi. Watatucheka mpaka Pasaka.

Unaikumbuka ile kona kabla ya kijiji? Ulikuwa unasimamisha gari, unatushusha wote na nguo zetu za kanisani, kila mmoja na kitambaa chake, tunafuta vumbi la njiani mpaka tunajiona sura. Mama analalamika kwamba ibada imeshaanza, na wewe unamjibu, "Mungu ametuona tangu Bukoba. Hawa wa huku ndio bado." Jamani, Tata, majivuno yako!

Basi leo nimeanza asubuhi, kabla jua halijafika upande wa ukuta, kama ulivyonifundisha. Nimeosha, nimekausha, nimefungua kopo jipya la waksi, nikapaka kidogo kidogo kwa mduara, boneti kwanza. Mashine yako ya kung'arishia sikuigusa. Ulisema kwenye kingo inakula rangi mpaka bati, na mimi kwa mashine sijiamini. Kwa mkono tu. Halafu kitambaa kikanidondoka mchangani, na sauti yako nikaisikia kabisa: "Koku, kilichodondoka kimekufa!" Maana punje moja ya mchanga inatosha kulichora gari zima. Nikaenda kutafuta kingine kwenye sanduku lako la mbao, ambalo tangu msiba hakuna aliyelifungua.

Chini kabisa, chini ya zile fulana kuukuu ulizozikata vipande, nimekuta vidonge vyako vya presha. Bahasha sita za hospitali, jina lako limeandikwa kwa kalamu, kimoja kila asubuhi. Zote zimejaa. Tata, hukumeza hata kimoja!

Mama mpaka leo anawaambia watu, "Dawa alikuwa anameza, maji nilimpa mwenyewe." Kila asubuhi alikupa kikombe, ukatoka nacho eti unakwenda kuliangalia gari. Maji ulikuwa unayamwaga wapi? Kwenye migomba?

Nilikasirika, sikufichi. Nimeipiga ndoo teke, maji yote yakamwagika. Mtu mzima, msomi, nshomile kabisa, unaficha vidonge kama mtoto anayeficha maharage chini ya ndizi! Halafu hasira ikaniisha ghafla, nikabaki na woga mtupu. Kwa sababu nimekuelewa. Uliogopa. Kila kidonge kingekukumbusha kwamba unaumwa, na ukiwa na kitambaa mkononi ulijiona mzima.

Nimekuelewa kwa sababu na mimi naficha.

Hii ni wiki ya tatu. Nikipanda kutoka sokoni na kikapu, kifua kinabana utadhani mtu amenikalia. Nasimama, najifanya natafuta simu kwenye mkoba. Mkono wa kushoto unakuwa mzito mpaka vidoleni, jasho la baridi linanitoka. Sijamwambia mtu. Nina miaka arobaini na tisa, na mwanangu Mugisha bado yuko sekondari. Na leo, nilipofika mlango wa nyuma wa gari, hali hiyo ikanishika vibaya kuliko siku zote. Nikaliegemea, nikafunga macho. Mume wangu akachungulia dirishani: "Mama Mugisha, vipi? Mbona umesimama?" Nikamjibu haraka haraka, "Ni mkono tu umechoka. Kazi ya polishi."

Maneno yako, Tata. Yale yale. Jumamosi ile uliyoanguka, mimi ndiye niliyekuuliza, nikiwa naanika nguo hapa hapa, na wewe ukanijibu hivyo hivyo bila kuniangalia. Nami nikaamini, nikaendelea kuanika! Polishi ulizoea kusukuma kwa mkono wa kulia. Siku ile ulikuwa unakanda wa kushoto. Niliuona kwa macho yangu na sikuwaza kitu, na hilo halijanitoka kichwani mpaka leo.

Naogopa hospitali. Naogopa kile kipimo cha nyaya kifuani, naogopa daktari akinyamaza huku anaangalia karatasi. Naogopa kuwa mgonjwa kwenye nyumba ambayo kila mtu ananitegemea mimi. Lakini zaidi ya yote naogopa Mugisha aje siku moja apekue mkoba wangu, akute nilichoficha, akae kwenye ngazi hii aniandikie mimi.

Kwa hiyo gari litabaki lilivyo. Waksi imekauka nyeupe upande mzima, na Muleba wacheke wanavyotaka. Nimemwita mume wangu mara mbili nimwambie, na mara zote mbili nimeishia kumwambia mambo mengine, sijui sabuni imeisha, sijui chai. Mdomo wangu haufai kwa hili. Nitampa karatasi hii aisome yote, hapa hapa mbele yangu.

Lala salama, Tata. Sikulaumu tena. Nakuahidi dawa watakazonipa nitazimeza mezani, watu wote wakiniangalia.

Baba Mugisha, ukifika hapa usiniulize kitu. Chukua ufunguo, twende hospitali sasa hivi.