Hoteli Yenye Baraza Ziwani

2 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, zifurike hapo dukani kwako mpaka wateja wakose pa kusimama. Hujambo? Baba hajambo? Macho yake yanasemaje? Mimi mzima kama chuma cha reli. Na nikwambie ukweli: kama bahati ingekuwa inagawiwa kwa foleni, basi mimi nilifika kabla ya mgawaji na nikabeba na ya wenzangu.

Hebu fikiria. Mtu aliyeacha shule kidato cha pili, aliyetolewa darasani kwa sababu ya domo, leo wahariri watatu wanamgombania. Sina bosi, sina saa ya kuingia wala ya kutoka. Wa kwanza ananituma nisafiri, nile, nilale, halafu niandike nilivyokula na kulala. Wa pili namwandikia namna watu watakavyotunza pesa zao. Ndiyo, mimi, cheka taratibu usije ukaangusha printa. Wa tatu anataka mambo ya jamii, yale ya kuwaliza watu, na kweli nawaliza.

Nakutumia makala ya hoteli ya ziwani. Pale nilipokelewa kama balozi! Meneja mwenyewe kanibebea begi. Baraza lao la mbao linaingia mpaka juu ya maji. Unakaa na chai yako, ziwa linabadilika rangi mbele yako, unasahau kunywa. Wamenipenda hivi kwamba kila Mei lazima nirudi, na kiti changu hakikaliwi na mtu.

Simu msinipigie, huku ninakozunguka mtandao ni wa kubahatisha. Andika tu barua pepe. Hii ichape umsomee Mzee.

Kaka yako,
Redio


11 Machi

Kaka,

Habari za huko uliko? Sisi tunasukuma siku. Wateja wa kopi wapo wapo, na printa inatafuna karatasi kama mbuzi.

Barua yako nimemsomea Baba, akacheka mpaka akakohoa. Anasema jina la Redio alikupa yeye mwenyewe na hajawahi kulijutia, maana huzimiki.

Ila macho si mazuri, kaka. La kushoto limekwenda kabisa. Daktari anasema ni presha ya macho, na la kulia linafuata; dawa inachelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Akaniuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani. Nikamwambia mchora mabango, nusu ya maduka ya mtaa wetu majina yake kayaandika yeye. Daktari akaendelea kuandika dawa.

Makala zako nazichapa kwa herufi kubwa, maneno manne kwa mstari. Anabandika uso kwenye karatasi mpaka pua inatoka na wino. Ile ya ziwa kaisoma mwenyewe yote. Akasema, "Kaandika maji ya buluu. Buluu gani? Muulize. Buluu ziko nyingi huyu mtoto."

Halafu jana, wakati namtia matone, akasema: "Redio anipeleke kwenye hilo baraza. Mara moja tu. Nikishayaona hayo maji, jicho lizime likitaka."

Yule mzee hajawahi kuomba kitu, unamjua. Njoo umchukue. Usichelewe.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Usininunie. Nilikuwa safarini, mguu mmoja kwenye ndege mwingine kwenye treni. Hamjambo lakini? Matone anatiwa kwa wakati?

Mwambie Mzee hivi: asubuhi ni buluu ile aliyopaka mlango wa kinyozi, ile iliyomfanya kinyozi apandishe bei. Mchana inaingia kijani, kama chupa iliyowekwa juani. Jioni maji yote yanakuwa shaba, unatamani kuyakata vipande ukauze.

Kumpeleka nitampeleka, mimi tena? Ila Aprili wahariri wamenikaba koo. Mei, wiki ya pili yote, ndipo nitakuwa pale barazani. Ningemkalisha kando yangu tukawasema wageni wanaovaa kaptula. Tatizo Mzee na basi haviivi, akipanda tu anatapika mpaka jina lake. Asijisumbue. Mwaka huu au ujao nitamtafutia gari dogo la heshima.

Kaka yako,
Redio


9 Mei, asubuhi

Kaka,

Salamu za mbio mbio, tuko wazima. Tunakuja!

Baba kakataa kusubiri gari la heshima. Siku hizi mimi mwenyewe ananijua kwa sauti. Nikamkumbusha habari ya basi, akanijibu, "Nitatapika. Kwani matapishi yanalipiwa nauli?" Amenyoa ndevu, amevaa kofia yake ya mikutano, na ameshanifokea mara mbili kwamba namchelewesha.

Nafunga duka, tunaondoka na basi la mchana. Simu yangu imepasuka kioo, naiacha kwa fundi hapa jirani, kwa hiyo ukinihitaji andika sasa hivi, kabla sijazima kompyuta. Usije kutupokea stendi. Kaa pale pale kwenye kiti chako, anataka akukute umekaa.

Mdogo wako


9 Mei, jioni

Mdogo wangu,

Habari za mchana kutwa. Msije. Nimeitwa kazini ghafla, nchi nyingine kabisa, ndege inaondoka muda si mrefu. Na hoteli imejaa, kuna mkutano wa wakubwa, hata jikoni wamelala watu. Mrudishe Mzee nyumbani, mwambie nitafidia.

Redio


10 Mei

Umeisoma? Nimepiga simu yako, kapokea fundi, anasema mlipita jana na mabegi, Mzee akamuaga kwa kumpungia kofia. Kama mmelala mahali njiani, omba mashine ya mtu ufungue barua. Tafadhali, mdogo wangu. Hotelini simu haipokelewi.


29 Mei

Kaka,

Hujambo. Sisi tupo. Baba anakula kidogo.

Basi lilituacha njia panda kesho yake, tukachukua pikipiki mbili mpaka barabara ilipokatikia. Geti limefungwa kwa waya. Ndani ya ukumbi wa chakula kuna mama anafuga mbuzi. Paa lilishauzwa, bati moja moja. Nikamuuliza hoteli ilifungwa lini. Akacheka: "Hoteli? Huyu binti yangu anayekwenda shule alikuwa hajazaliwa." Ziwa nalo limerudi nyuma. Mbele ya baraza ni matete, marefu kuliko mtu. Maji huyaoni hata ukipanda mabegani kwa mwenzako.

"Tumefika?" Baba akauliza. Shati limechafuka njia nzima, lakini kofia kaiweka sawa.

"Tumefika, Baba."

"Redio yuko wapi?"

Nikamwambia umeitwa kazini ghafla asubuhi ile ile, umeacha salamu. Nilitunga papo hapo. Tuliporudi nikawasha mashine, nikakuta na wewe umetunga hivyo hivyo. Kweli tumetoka tumbo moja.

Nilimkalisha kwenye ubao ambao haujaoza, nikatoa makala yako, nikaanza kumsomea. Meneja, begi, chai, yote. Yeye alikuwa anaona mwanga, kivuli, na kitu cha kijani. "Kijani," akasema. "Ni kwa sababu ni mchana. Redio alisema mchana ni kijani." Akakaa akiyatazama matete mpaka jua likainama. Mimi nimesimama nyuma yake nalia kimya kimya, huku mbuzi ananitafuna pindo la gauni.

Jicho limezima wiki iliyofuata. Kitu cha mwisho alichokitazama baba yetu ni matete, na kila anayekuja kutoa kopi anamsimulia alivyoliona ziwa la mwanawe.

Sikutukani, nimechoka tu. Ila anadai barua yako kila siku. Ule uongo wangu nilikuwa nao mmoja na umekwisha. Utakachoandika nitamsomea kilivyo, mstari kwa mstari, usiniombe niruke. Kama ni ziwa jingine, andika ziwa jingine, nitasoma. Chagua mwenyewe.

Mdogo wako


17 Juni

Baba, shikamoo.

Mdogo wangu, msomee pole pole, na usimlainishie.

Naomba uwe unakula, Baba. Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila nikiianza naiona inataka kusafiri.

Sijawahi kufika kwenye ile hoteli. Sijafika popote. Nakaa chumba kimoja nyuma ya gereji, dirisha linatazama ukuta. Kazi yetu iko hivi: mhariri anataka safari, nauli hatoi. Basi nampigia dada wa mapokezi, namchekesha, ananieleza mapazia na chakula, naandika nimelala na nimekula. Hoteli yenu namba yake haikupatikana. Nilikuwa na picha yake kwenye kalenda ya zamani sana, nikaandika hivyo hivyo. Simu zenu niliziogopa kwa sababu mngesikia nyundo za gereji.

Wahariri wawili hawajibu tena. Wasomaji wangu nawafundisha kutunza pesa, na mimi mwenyewe, mwenye nyumba kanikatia umeme. Kuna makala niliandika kuhusu wazee walioachwa na watoto wao. Watu walilia, wakasema nimefanya utafiti mkubwa. Hiyo ndiyo pekee ambayo sikumpigia mtu simu.

Ulichokiona kilikuwa matete, Baba. Maji hayakuwepo. Huyu binti yako alikuwa ananisitiri mimi.

Na hili ndilo baya zaidi. Barua ya kwamba mnakuja niliisoma asubuhi ile ile. Mlikuwa bado dukani, mashine haijazimwa. Neno moja tu la kweli lingewageuza. Nilikaa kitandani mpaka jioni nikitafuta uongo wa kutosha.

Nitakuja. Ukinifukuza, nitakaa nje ya duka.

Ile bahati niliyojisifia sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Nilikudanganya.

Mwanao