Msamaha Uliotangazwa kwa Kipaza Sauti

Kosa la wengi wetu tunaokwenda kanisani ni kudhani kwamba msamaha ukishatamkwa mbele ya watu umekamilika, na kwamba anayeshindwa kuupokea hapo hapo ndiye mkosaji mpya. Safari hii kosa hilo limenifikia katika kurasa nne. Mwandishi aliniomba nichape majina ya kweli ili mdogo wake ayasome. Nimeyabadilisha yote, na mitaa pia, na sababu ataiona katika jibu langu.

*

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimeumia, naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika zaidi, maana nimefanya lile Mungu analotuagiza na sasa mimi ndiye ninayeonekana mbaya.

Nina miaka thelathini na minne, nauza vitenge karibu na mtaa wa Asiatique, ninakaa Gasenyi na mdogo wangu Annick na mtoto Benite mwenye miaka tisa, na miaka yote hiyo tisa watu wananiita Mama Benite na mtoto ananiita mama, lakini Benite si wangu, ni wa Annick. Alimpata akiwa na miaka kumi na sita huko Uvira, na mama yetu mzazi, kabla tumbo halijaonekana, akatuvusha sisi wawili mpakani kuja Bujumbura, tukapanga chumba Buyenzi kwa mama mmoja Mwislamu anaitwa Assia, mtoto akazaliwa humo, na mama akaniapisha kwamba mbele ya watu mtoto atakuwa wangu ili Annick arudi shule. Nikaapa. Wakati huo nilikuwa na mchumba, Bahizire, na aliposikia kwamba nimezaa Burundi hakuniuliza hata neno moja, alirudisha picha yangu kwa mkono wa mtu mwingine, nami nikanyamaza kwa sababu ya kiapo, na mama amekufa yapata miaka minne sasa, na bado nilinyamaza.

Mwaka huu Annick amepata mchumba, Destin, kijana wa korali yetu pale Kamenge, na familia yake ikapanga siku ya kuja kuposa, nami nilikuwa nimeshapanga nani atapika na nani ataleta viti, na jioni moja nikiwa nakata mboga ya lengalenga Annick, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akaja akasimama mlangoni akasema, "Yaya, ile siku shangazi njo atapokea wageni. We ubaki mu jikoni na Benite. Unajua batu ya kwabo Destin, mambo ya mutoto bila baba wanaangaliaka sana." Mshauri, alisema hivyo, na mtoto ni wake mwenyewe, na hakutazama hata chini. Nilimwambia sawa. Nikaendelea kukata lengalenga.

Nilifunga siku tatu, nikaomba, na Jumapili katika saa ya ushuhuda nikasikia moyoni kwamba niachilie, nikaenda mbele nikashika kipaza sauti nikasema Bwana asifiwe, wakajibu Amina, nikawaeleza yote, Uvira, kiapo, Bahizire, miaka tisa, jikoni, na mwisho nikasema, "Annick mdogo wangu, uko hapo kwenye korali, simama, leo nimekusamehe mbele ya Mungu na mbele ya kanisa." Watu walilia, mshauri, wamama walivua vitambaa vya kichwa wakavipunga, mpiga ngoma akapiga, mchungaji akasema huu ndio Ukristo wenyewe. Annick alisimama, lakini si kwa kunikumbatia, alivua kanzu ya korali, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni, na Destin hakumfuata, ila hakuimba tena mpaka mwisho wa ibada.

Tangu siku hiyo Annick yuko Buyenzi kwa Mama Assia, hapokei simu zangu, na familia ya Destin imetuma ujumbe kwamba safari yao imeahirishwa. Yaani mtu aliyeokoka anakimbilia kwa Waislamu kwa sababu amesamehewa, wewe umewahi kusikia jambo kama hilo? Juzi Mama Assia mwenyewe alikuja dukani, akangoja mpaka mteja aondoke, akaniambia, "Mama Benite, ulimusamehe ao ulimuvua nguo?"

Nikamjibu, "Mama Assia, mambo ya wokovu hamuijue."

"Wokovu siijue. Annick ninamujua. Mi njo nilishika ile mutoto mbele yenu wote, na hii mikono. Miaka tisa. Umeshasikia mutu Buyenzi anaisema?"

"Sasa unakuja kunifundisha dini?"

"Apana. Nakuja kuchukua nguo za Annick. Viatu ya korali anasema ubaki nayo, utaivaa siku ingine ya kusimama mbele."

Naomba ushauri katika mambo mawili. La kwanza, mkutano wa wamama wa Jumamosi ijayo wameniomba nirudie ushuhuda wangu kwa kuwa umegusa wengi, je, niende, au ningoje Annick atubu kwanza? La pili, niwapelekee wazee wa kanisa jina la Annick ili awekwe chini ya nidhamu kwa kukataa msamaha? Na ukichapa barua hii usifiche majina, nataka asome.

Ni mimi ninayeteswa kwa kusamehe,
Mathilde, Gasenyi

Tena, mtoto naye ameanza kiburi, siku hizi haniiti kitu, akitaka chakula au kalamu anakuja kusimama mbele yangu kimya mpaka nimtazame, sijui amefundishwa na nani.

*

Mathilde,

Barua yako imenikasirisha, na kwa kuwa nimejizoeza kutojibu siku ya hasira, niliiweka kabatini siku mbili. Nimeitoa leo na hasira bado ipo. Basi nitakujibu nikiwa nayo, ila nitaeleza taratibu.

Nianze na haki yako, kwa sababu unayo. Ulibeba aibu ambayo haikuwa yako. Ulipoteza mchumba kwa kulinda neno uliloapa kwa mama yako, na sioni katika barua yako mtu hata mmoja aliyekushukuru. Kisha yule uliyembebea akakuambia ukae jikoni usionekane, kwa sababu ya mtoto aliyemzaa yeye. Annick alitenda vibaya, na kama angeniandikia yeye ningemwambia hivyo mpaka masikio yamwume. Ulikuwa na haki ya kukasirika jioni ile. Ulikuwa na haki ya kuweka kisu chini na kusema, "Annick, kaa hapa, rudia ulichosema." Badala yake ulisema sawa. Hapo ndipo ulipoanza kukosea, siku nyingi kabla ya kipaza sauti.

Mlikuwa wawili tu, mlango mmoja, lengalenga mbele yenu. Bwana wetu alitupangia hatua: ndugu akikukosea, nenda kwake mkiwa wawili peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, kanisa ndilo la mwisho kabisa. Wewe ulianza na la mwisho. Annick alijua kwamba umeumia dakika ile ile aliyojua mpiga ngoma.

Unamkumbuka yule kijana ambaye ndugu zake walimuuza, akapelekwa Misri, akawa mkubwa huko? Walipofika mbele yake wakitafuta chakula, kabla hajawaambia yeye ni nani, aliamuru watu wote watoke. Wote, walinzi na watumishi. Tunawafundisha watoto habari ya ndoto na ya kanzu na ya njaa, na hapo kwenye mlango tunaruka. Alitaka kusamehe, kwa hiyo alitafuta mlango wa kufunga. Wewe ulitafuta kipaza sauti.

Ulichofanya Jumapili ile kinaitwa kulipiza kisasi. Ulisema yale yote uliyotaka kumpigia kelele jikoni, ukatanguliza Bwana asifiwe, ukamalizia na nimekusamehe, na kwa njia hiyo ukamziba mdomo. Mtu aliyeshtakiwa mbele ya kanisa anaweza kujitetea. Aliyesamehewa mbele ya kanisa afanye nini? Akisema "siyo hivyo", amekataa neema. Akilia, watu wanapiga makofi. Annick alikunja kanzu akaondoka, nami sijui angefanya lipi la heshima zaidi ya hilo.

Usijiite unayeteswa. Kuteswa ni kupatwa na mabaya kwa sababu ya mema uliyotenda. Wewe ulimwaibisha mtu, naye amekaa mbali na wewe. Hilo halihitaji ibilisi kulieleza.

Wala si wewe peke yako ninayekukasirikia. Nakasirikia ukumbi mzima wa watu wazima waliosikia siri ya msichana wa miaka kumi na sita ikitangazwa yeye mwenyewe akiwa amekaa pale, nao wakavua vitambaa wakapunga. Nakasirikia mchungaji aliyekuwa hatua chache kutoka kwako na mikono yake ikabaki mifukoni. Ushuhuda ni mtu kueleza alichotendewa yeye. Anapofika mahali pa kutaja jina la mwingine, mwenye kuongoza ibada anapaswa kukichukua kile kipaza sauti, kwa upole, na kuanzisha wimbo. Kama hajui hilo, asiwape watu kipaza sauti.

Na unamwambia Mama Assia kwamba hajui mambo ya wokovu. Isome tena barua yako. Umeandika, bila kugundua, kwamba alingoja mpaka mteja aondoke ndipo akafungua mdomo. Mwanamke huyo alimpokea mtoto kwa mikono yake, amekaa na siri yenu miaka tisa katika mtaa ambao mtu hakohoi bila majirani kumwuliza hali, na alipokuja kukukaripia alihakikisha hakuna anayesikia. Alikufanyia lile ambalo wewe na kanisa lako mlishindwa kumfanyia Annick. Mimi ningeketi nimsikilize.

Maswali yako sasa. Jumamosi usiende. Usitume udhuru wa homa wala wa wageni. Waambie kwamba habari uliyoisema haikuwa yako kuisema, na kwamba hutairudia. Wazee wa kanisa usiwapelekee jina la mtu. Usisimame mbele hata kuomba radhi, mpaka Annick mwenyewe akubali, kwa sababu kuomba radhi kule kutakuwa kumtaja tena. Destin mwache kabisa. Kama atarudi, kama hatarudi, hilo ni lake na Annick, na usiende kwao kueleza. Umeshaeleza vya kutosha.

Kwa Annick, chukua nguo zilizobaki, zipige pasi, uzipeleke Buyenzi mwenyewe, umpe Mama Assia mkononi pamoja na karatasi yenye maneno haya tu: "Nilikuaibisha. Nitasubiri." Neno la kusamehe lisionekane humo. Usimwite atoke nje. Siku atakayokuja, mtafunga mlango, na hapo yeye naye atakujibu habari ya jikoni, maana jibu anakuwia, na utalidai bila aibu. Ndivyo watu wanavyosameheana. Huchukua muda na hakuna ngoma.

Nimebakiza lililonikasirisha kuliko yote.

Barua yako ina kurasa nne, na mtoto ana mistari mitatu, chini ya sahihi yako, pale ambapo watu wengine huandika salamu. Utakumbuka kwamba nilikupigia simu kwa swali moja tu: Jumapili ile, Benite alikuwa amekaa wapi? Ukasema watoto walikuwa kwenye mkeka mbele, kwa kuwa ilikuwa zamu yao ya kuimba. Nikauliza, mbele wapi? Ukasema, "Karibu na miguu yangu."

Mathilde, hicho si kiburi. Mtoto huyu alikuwa na mama na alikuwa na tantine, mama yake mdogo. Katika dakika kumi, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, alisikia kwamba mama si mama, kwamba tantine ndiye mama, na kwamba yeye mwenyewe ndiye lile kosa ambalo watu wanalilia na kulipigia makofi. Kisha yule tantine akatoka kwa mlango wa pembeni na hajarudi nyumbani. Baada ya hapo ulimshika mkono mkarudi Gasenyi, na nina hakika ulipika kama kawaida. Anakuja kusimama mbele yako kimya kwa sababu hajui akuite nani. Lile jina alilokuwa nalo anaogopa kwamba ulilichukua. Jingine hana.

Una hasira ya miaka tisa, na nimesema ni ya haki. Lakini katika miaka hiyo tisa kitu kimoja hakikuwa cha uongo. Uliapa kwamba utakuwa mama yake mbele ya watu, ukawa mama yake hata pale ambapo watu hawakuwepo, kwenye homa, kwenye viatu vya shule, kwenye kusuka nywele. Hilo Annick hakukulazimisha, wala kanisa haliwezi kukuvua. Habari nzima mtoto ataelezwa, Annick akiwepo, kidogo kidogo, kadiri anavyouliza. Kwa sasa hahitaji habari nzima.

Leo akitoka shule, kabla hajaja kusimama mbele yako, mwendee wewe, chuchumaa mpaka macho yenu yawe sawa, umwambie: "Benite, endelea kuniita mama."