Kibao cha Baada ya Vita

Mpendwa Papa, baba yangu,

Unakumbuka rafu ya historia ya nchi yetu, ile iliyopinda katikati hapa kwenye maktaba ya parokia? Nilikushikia gundi, wewe ukiandika namba za kubandika kwenye migongo ya vitabu. Mwongozo wa namba uliotoka Ulaya uligawa historia kwa vipindi, kila kimoja na mwaka wa kuanza na wa kuisha. Chetu cha mwisho tu kilikuwa na mwaka wa kuanza, kistari, kisha nafasi tupu. Humo ulitia kila kitu: wakimbizi waliovuka mpaka, waasi wa kwanza, waasi waliofuata. Nilikuambia rafu imejaa, tukifunge kipindi hicho, tufungue kingine. Ukacheka.

"Acha wazi, mutoto wangu. Bado wanakuja."

Bomu lilikukuta barabarani, kule mtaa wa Lac Vert, na kazi yako nikapewa mimi. Kisha bunduki zikanyamaza kidogo. Nikaandika mwaka wa mwisho, kwa wino, kwenye karatasi mpya za migongo ya vitabu, na juu ya rafu mpya nikatundika kibao: BAADA YA VITA. Nilisema ni utaratibu wa kazi. Haikuwa hivyo, Papa. Nilitaka kifo chako kiwe ndani ya kipindi kilichofungwa, ili nipite mbele yake bila kugeuka.

Wiki hii watu wa kijiji cha Kibati wamekimbia tena mapigano, padri amewafungulia chumba cha kusomea. Mama mmoja, Kavira, alitandika mkeka chini ya kibao, akaniita.

"Mama ya bitabu, kumbe vita iliisha? Sisi hawakutuambia!"

Wenzake wakacheka wakishika mbavu. Nilicheka nao, uso ukiniwaka. Nikaleta ngazi, nikapanda ili nikitoe kibao. Akanizuia.

"Uache, mama. Mutoto wangu anajifunza kusoma hapo. Amefika kwenye 'baada'."

Nikashuka. Kibao kingali pale, na kila nikiingia nainamisha macho.

Leo nimekaa sakafuni kati ya sufuria zao, nabandua karatasi zangu kitabu kwa kitabu. Naandika mwaka wa kuanza, kisha kistari chako. Mbele yake siandiki kitu. Nawe umo katika kipindi hicho kilicho wazi, Papa, pamoja nao, na kwa mara ya kwanza nimekulilia mbele ya watu. Nisamehe haraka yangu.

Pumzika. Rafu ikizidi kupinda, nitaiongezea mbao.

Binti yako, mshika gundi