Viti vya Kozi Namba Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimealikwa na jeshi la majini! Mimi! Barua imeletwa na mwanamaji mwenye viatu vya kujitazamia. "Mwandishi mashuhuri wa safu ya Alhamisi" anakaribishwa kukagua boti za doria za aina ya Kozi, zote sita. Mashuhuri! Mwezi jana nilikuwa mchochezi.

Kisa ni makala yangu ya wiki tano zilizopita. Tuliambiwa Kozi zinakwenda maili arobaini za bahari kwa saa. Nikaenda kwenye ukuta wa bandari asubuhi tatu mfululizo, saa mkononi, nikahesabu sekunde kutoka boya jekundu hadi boya la kijani. Arobaini iko wapi? Hata thelathini hazikufika. Nikaandika: konokono wa chuma. Neno likashika kama moto kwenye nyasi kavu. Watoto wa shule wanaliimba. Na boti, tangu siku ile, zinapita mbele ya mji kila asubuhi kama zimechomwa mkuki, mvua au jua. Nani kasema kalamu haina injini?

Fundi (mume wangu, mshona makochi, mkosoaji wangu wa miaka ishirini na sita) kaisoma barua mara mbili. Kasema ukialikwa na uliyemtukana, nenda umeshiba.

Siafu kaipita barua mezani kama haipo. Ni binti wa kaka yangu, anakaa chumba chetu cha nyuma, na ndiye mshika usukani wa Kozi namba tano. Tangu makala itoke ni "shikamoo shangazi", "marahaba", basi. Kununa gani kwa wiki tano? Jeshi limenisamehe, yeye bado!

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi na swali moja, nalo linaniwasha kuliko upupu.

Kamanda mwenyewe kanitembeza. Mrefu, sauti ya msoma taarifa ya habari. Mita ishirini na nane, injini tatu, watu kumi na mmoja, boti sita zilizofanana kama mayai. Kaniomba nisiguse kitu. Nimegusa kila kitu.

Sasa. Chumba cha usukani cha namba tano kina viti vinne, vikubwa, vyeusi, vya mikanda. Vyote bado vimevaa nailoni ya kiwandani! Boti ina mwaka wa pili baharini! Nikadhani ni ubahili, kama wale wanaofunika sofa mpaka wageni wafe. Lakini nikatazama chini. Nyuma ya kila kiti kuna mkeka wa mpira, na mkeka umelika. Nyayo mbili, mbili, mbili, mbili. Zimezama kama kizingiti cha duka la zamani.

Yaani watu wanne wanasimama nyuma ya viti vinne. Kwa mwaka na zaidi. Kwa nini?

Kamanda kacheka. Vijana wanapenda kusimama, mama. Ni nidhamu.

Nidhamu! Neno hilo ni shuka, hufunika godoro lolote.

Nyuma yetu makanika wa injini, mtu mzima mwenye bega moja juu kuliko jingine, kacheka puani. Nikamgeukia: na wewe, baba, kiti kina nini? "Kalia tu, Mama Msumari," kasema, kwa jina langu la gazetini. "Hapa gatini kinakalika vizuri sana." Kamanda kamtupia jicho. Makanika kazama injinini.

Jambo la pili. Wanamaji wakishuka botini, wote wanashuka namna moja: mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kiunoni, polepole, kama waja wazito. Na hakuna hata mmoja aliyefika miaka thelathini na tano, ukimtoa makanika.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemsimulia Fundi. Hakutaka habari za kamanda wala injini. Kaniuliza: ulikibonyeza kiti? Dole lilizama kiasi gani? Sponji ilirudi upesi au taratibu?

Upesi, nikasema. Kama inanisukuma.

"Njoo karakana."

Kaniweka juu ya fremu ya kiti yenye sponji ngumu. Yeye upande huu, kinyozi wa jirani upande ule, wakaninyanyua shubiri moja. Wakaachia. Mungu wangu! Meno yamegongana, kitu kikapanda mgongoni mpaka utosini. Kinyozi kacheka mpaka kakaa chini. "Mama Msumari kagongwa nyundo leo!"

Kisha Fundi kanisimamisha juu ya ubao. Kunja magoti, kasema. Wakaninyanyua kimo kilekile, wakaachia. Hakuna kitu. Miguu imekula kishindo chote.

Fundi kaeleza huku akitafuna uzi: kiti kinachorudi upesi ni adui. Wewe unashuka, chenyewe kinapanda. Mnakutana njiani, na anayevunjika si kiti.

Halafu kaniuliza, kwa upole kabisa: "Hiyo boti ikiruka, inaanguka kutoka kimo gani?"

Sijui. Nimeandika maneno elfu moja na mia mbili juu ya Kozi, na sijui.

Jumapili, 10 Machi

Siafu alikuwa anafua uani. Mimi kwenye kigoda, nachambua mchele, namvizia. Jirani kabamiza geti la bati — na Siafu kakunja magoti! Nimeliona kwa macho yangu. Mikono kwenye povu, magoti yamekunjika yenyewe, yakanyooka tena.

Nikamwambia: nimejua kwa nini hamkai. Nieleze yaliyobaki.

Kanitazama. Labda kachoka kununa. Kasema wimbi likija usoni, nawe uko arobaini, boti haikati maji. Inaruka nzima. Kisha inaanguka.

"Kimo gani?"

"Meza yako ya kuandikia, shangazi. Panda juu yake, ushuke kwa makalio. Kisha panda tena. Kwa saa mbili."

Kwa hiyo mmoja wao kazi yake ni kusimama dirishani, kusoma maji na kupiga kelele "Magoti!" Wote wanakunja. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Wamejibunia wenyewe, boti ya kwanza ikaifundisha ya pili, mpaka ya sita. Nimeuliza kama mtoto: anayaona vipi mawimbi? Je, akipiga chafya? Kacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tano. Kasema yupo mmoja alipiga chafya, wakang'oka meno watu wawili.

Ikawa tamu. Mpaka aliposema: na bahari ikichafuka kweli, tulikuwa tunapunguza. Boti zote sita. Ishirini na tano, ishirini na saba. Haikuandikwa popote. Manahodha walijua, kamanda alijua, akatazama pembeni.

"Mlikuwa? Mkaacha lini?"

Kakamua shati mpaka likalia.

"Siku ya makala yako."

Nimebaki na ungo mapajani. Kaendelea bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kamanda kasoma, kaitwa juu, karudi na amri: arobaini kila siku, mbele ya mji, hali yoyote ya hewa. Wawili wa namba tano wamelazwa. Yeye mwenyewe vidole vya mguu wa kushoto havina hisia tangu wiki mbili zilizopita.

Nikasimama, twende hospitali, sasa hivi! Kanishika kwa mkono wa povu. Akiandikwa mgonjwa wa mgongo, haushiki tena usukani, atakaa stoo kuhesabu majaketi. Alikuwa na miaka tisa alipoanza kuchora meli kwenye ukuta wangu wa jikoni. Nilimchapa, nikauacha mchoro.

"Na usiandike," kasema. "Watauliza nani alikuwa anapunguza. Mimi ndiye ninayeshika usukani. Nitakuwa wa kwanza."

Jumatano, 13 Machi

Nimeitoa ile makala, nimeisoma upya. Imeandikwa vizuri! Ndio ubaya wake. Sekunde zangu zilikuwa sahihi, hesabu yangu sahihi. Asubuhi tatu nilitazama saa na maboya. Bahari iliyokuwa katikati sikuitazama. Hakuna hata neno moja kuhusu mawimbi.

Miaka kumi na tisa nawasema watu kwa kutotazama.

Mhariri kapiga simu. Jumamosi ni maonyesho: wageni wakubwa, boti zote sita, ghuba nzima, kasi ya mwisho. "Kamanda anataka kuwafunga midomo, Mama. Tupe konokono mwingine kesho, wasomaji wanamlilia."

Nimechana rasimu tatu. Ya kwanza inamvua kamanda nguo, na inamtaja Siafu bila kumtaja. Ya pili vilevile. Ya tatu sauti yangu inatetemeka, sijaizoea.

Fundi kapita na sindano mdomoni. Kasema humwokoi mtu kwa kumweka mbele. Jiweke wewe.

Alhamisi, 14 Machi

Imetoka. Maneno mia nne tu. Nimesema nililitoa neno konokono na sasa nalirudisha kwangu. Kwamba nilipima muda bila kupima bahari. Kwamba chombo kinachopunguza kwenye maji mabaya kina akili kuliko aliyekicheka. Wanamaji sikuwataja. Nimejitaja mimi, mara saba.

Mhariri kaipa kichwa chake: MSUMARI WAPINDA.

Kinyozi, kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya wateja: "Mama, chai ya jeshini ilikuwa na sukari, eh?" Nimemjibu. Sitaandika nilivyomjibu.

Siafu kaisoma akiwa amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. Kasema ahsante, shangazi. Kisha kasema kamanda naye kaisoma, kacheka, na Jumamosi iko palepale.

Ganzi imefika kwenye kifundo.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika juu ya goti, kwenye ukuta wa bandari. Watu mpaka kwenye mapaa ya maghala. Wageni chini ya turubai, kamanda na darubini. Fundi yuko kulia kwangu, kaleta mto wa sponji laini, haukalii.

Leo nimeanza na bahari. Upepo unatoka nje ya ghuba. Mawimbi yana vichwa vyeupe, yanakuja moja kwa moja usoni mwa boti. Mafupi, yamebanana. Haya ndiyo mabaya, nimeambiwa.

Zinakuja! Mstari mmoja, ya kwanza mpaka ya sita. Kelele ya injini inaingia kifuani. Ya kwanza imeruka — nimeona mwanga chini ya tumbo lake! — imeanguka. Mlio umefika baadaye, kama mlango wa chuma. Umati umeshangilia. Fundi kafumba macho.

Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zote hewani, zote chini.

Namba tano imepunguza.

Imepunguza! Pua imeshuka, povu limekuwa dogo, inapanda wimbi na kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi. Zile nne zinaiacha. Ukuta mzima umelipuka: "Konokonooo!" Jamaa pembeni yangu, mtoto mabegani, ndiye anayeongoza. Nimemshika mkono. Neno hilo kalipata wapi? Kanitazama kwa huruma. "Mama, magazeti husomi?"

"La Alhamisi ulilisoma?"

"La kupinda? Aa, lile halina raha."

Kamanda kashusha darubini. Kainua redio. Midomo yake inakwenda.

Namba sita iko nyuma ya Siafu, inakuja kwa kasi yote, nafasi ya kupita ipo. Ikipunguza na yenyewe, ni utaratibu wa boti zote, watahojiwa manahodha mmoja mmoja. Ikimpita, ni Siafu peke yake.

Fundi kauliza ninaandika nini saa hizi. Nimemwambia nyamaza, natazama maji. Wimbi. Lingine. Magoti yangu yamekunjika, sijui tangu saa ngapi. Pua ya namba sita bado iko juu, iko juu bado, na —