Bima Waliyokukata, Mwaitu

Mwaitu,

Jana dalali wa mahakama alichukua lori la Mutisya, yule mwajiri wako. Nilikuwa hapa Sultan Hamud, nimesimama mlangoni mwa duka langu la kushona, nikaona vijana wake wakilifunga mnyororo na kulivuta. Mutisya alitoka ofisini mwake ng'ambo ya barabara, shati nje, akaniona. Nikampungia mkono. Najua ungenikemea. Lakini wewe, mama yangu, ndiwe mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia, na mkono ulishaenda kwa simu kabla sijakumbuka.

Sijakuandikia tangu tukuzike Ikutha. Sikuwa na kitu cha kukuambia ila hasira.

Mwaitu, kuna mambo hukuyaona siku ile ulipougua. Unakumbuka hospitali ilipotoa kazi yenu ya usafi kwa kampuni ya Mutisya. Ulicheka ukasema hakuna kilichobadilika, wadi ni zile zile, ila sasa ovaroli ina jina la mtu mgongoni. Kila mwezi akawa anawakata bima ya afya ya serikali kwa mshahara, na wewe hukunung'unika hata kidogo. Ulisema, "Sasa nikiugua sitakuwa mzigo kwa mtu."

Tumbo lilikushika ukiwa kazini. Daktari alisema utumbo umejisokota na lazima upasuliwe siku hiyo hiyo. Karani wa pale dirishani alikuwa anakujua, kila asubuhi ulikuwa unamwomba ainue miguu ufagie. Aliangalia kompyuta, akaangalia tena, kisha akaniambia polepole kwamba wewe huna bima. Kampuni haikuwahi kukulipia. Tutoe pesa kwanza, ndipo upelekwe thieta.

Nilikimbia kwa msimamizi wa hospitali. Hata hakuniambia nikae. "Mama yako si mfanyakazi wetu," alisema. "Ni wa kampuni." Nikampigia Mutisya. Yeye akasema hospitali inachelewa kumlipa, kwa hivyo niongee na hospitali. Nikarudi kwa msimamizi, akanirudisha kwa Mutisya. Hivyo ndivyo ule mchana ulivyoisha. Wewe ulikuwa umejikunja kwa benchi la korido, ile korido uliyopiga deki asubuhi, gambuti bado ziko miguuni. Nilipokuja kukushika mkono hukuniuliza habari ya bima. Uliniuliza kama wamepata mtu wa kumalizia wadi.

Wadi, Mwaitu. Wadi yao.

Wenzako walichanga, kanisa likachanga. Ulipoingizwa thieta ilikuwa kesho yake, na utumbo ulikuwa umeshaoza. Mama Kioko, yule mliyekuwa mnafagia naye, ndiye aliyenishika nilipotoka kukuona mara ya mwisho. Hapo sitaandika zaidi.

Mutisya alikuja mazishini. Alileta shada la maua, akaomba nafasi ya kusema, akasema ulikuwa kama mama kwake. Nilisimama nikachukua kipaza sauti. Nikamuuliza mbele ya Ikutha yote, "Ile bima uliyokuwa unamkata mama, ulikuwa unaipeleka wapi?" Alisema ni makosa ya ofisi. Nikaokota shada lake hapo kando ya kaburi nikamwekea mikononi, akaondoka nalo akipita katikati ya watu. Shangazi walisema nimetia familia aibu. Sijuti.

Wiki hiyo Mama Kioko na wengine walikuja dukani. Kila mmoja alikuwa ameuliza habari ya bima yake kwa simu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelipiwa. Walikuwa wanaogopa kufutwa kazi. Niliwaambia waogope baada ya kesi. Tulienda kwa afisa wa kazi wa serikali, kutoka hapo kwa wakili, kisha mahakamani.

Ndipo Mutisya akamtuma mchungaji. Akaniambia Mutisya yuko tayari kukujengea kaburi la marumaru nikiondoa kesi, na kwamba Mkristo anaamriwa kusamehe. Nilimpikia chai, akanywa. Nikamwambia nitafikiria kusamehe jaji akishamaliza naye. Tangu hapo ananisalimia kwa mbali.

Laiti ungemwona Mama Kioko mbele ya jaji. Alikuja na ovaroli yake. Wakili wa Mutisya alisema nyinyi ni vibarua tu, watu wa kandarasi, leo mpo kesho hampo. Mama Kioko akajibu kwamba siku ya kukatwa pesa hakuna kibarua aliyesahauliwa. Mutisya akalia kwamba hospitali ilimchelewesha. Jaji hakukubali. Alisema aliyekata bima ya mfanyakazi lazima aifikishe, awe mfanyakazi wa kudumu au wa kandarasi, na shida zake na hospitali ni zake. Akaamriwa kutulipa sisi na kuwalipa wenzako. Akadhani tutachoka kumfuata. Ndiyo maana lori limeenda.

Nilikuwa nikifikiri nikiona siku hiyo moyo utatulia. Haukutulia. Nilirudi kwa cherehani nikashona kola ya sare ya mtoto wa shule, nikaishona kichwa chini, nikaifumua.

Wenzako wako na kampuni nyingine sasa. Kila mwezi wanakagua bima kwa simu kabla ya kuvaa ovaroli, na ikikosekana ya mmoja, wote wanakaa chini, hakuna anayegusa fagio. Majuzi Mama Kioko alilazwa kwa sababu ya presha. Karani aliangalia kompyuta, akamwambia apite tu. Alinipigia akiwa kitandani analia, anasema anaona haya kupata kile wewe ulinyimwa. Nilimwambia alale.

Lakini msimamizi wa hospitali bado anakaa kwa kile kiti. Alimlipa Mutisya bila kumuuliza hata mara moja kama watu wake wana bima, na akakuacha ujikunje kwa benchi hatua chache kutoka mlango wake. Wakili anasema kumshika yeye itakuwa ngumu zaidi. Nimemwambia aandike kesi. Kesho naenda kutia sahihi.

Pumzika, Mwaitu. Usinisubirie upole, huo ulienda na wewe. Nakuahidi yule mtu atasimama mahali Mutisya alisimama, na nitakuwa nimeketi mbele kabisa, aniangalie aseme tena kwamba hukuwa mfanyakazi wake.

Binti yako,
Ndinda