Mirija Niliyoifungua

Mwanangu, mama,

Najua utaucheka mwandiko huu. Shule na mimi tuliachana mapema. Akili ulirithi kwa mama yako, kwangu ukapata pua tu. Leo usinisahihishe.

Wakati ule wa vita umeme ulikatika maabarani kwenu, nawe ukaileta nyumbani Kinama mirija yako ya kioo. Ndani walikuwamo vijidudu wa tumbo la ng'ombe, wale wanaomsagia majani, na kila mrija una kikaratasi. Kikikatika, ulinieleza, wamekila, kazi imefaulu. Nikasema kumbe umesoma miaka yote hiyo ili ulishe vijidudu karatasi, na baba yako anakula mboga za lengalenga tu. Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Ukaiweka kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, ukaniachia nilinde joto.

“Baba, usifungue hata moja. Hawa, hewa inawauaka.”

Ulipoenda kuteka maji nilifungua yote. Niliwahurumia, mama. Kiumbe gani anazibwa mpira mdomoni siku nzima? Nikawapa hewa, nikaziba tena, nikajiona mutu mwema. Maji ya ndani yakaanza kuwa ya waridi.

Uliporudi ukayatazama. Rangi ile, ukasema, ni dalili ya hewa kuingia, wote wamekwisha.

“Hii mipira imezeeka kama we, Baba.”

Na mdomo wangu huu, usionyamaza hata matangani, ukanyamaza.

Ilibidi uanze upya, na maji mapya ya tumbo la ng'ombe yalikuwa machinjioni. Siku zote niliyaleta mimi, teremosi imejaa hadi juu, maana wachinjaji ni wenzangu wa pombe. Asubuhi ile nilijifunika blanketi nikajifanya nakoroma, kwa aibu ya kukutazama. Ukavaa viatu polepole usiniamshe. Risasi zikakukuta njiani. Kabla ya saa sita watu walikurudisha kwa mkokoteni.

Msibani wenzako wa maabara waliniambia mirija huharibika kila mara, mnaanza upya, hakuna anayegombana. Walidhani wananifariji.

Miaka yote nimewaambia watu ni mipira. Sasa naandika, wote wasome: nilifungua mimi. Ningekiri jioni ile, ungeninunia kidogo, kisha asubuhi ungenitupia viatu vyangu ukisema nenda mwenyewe, mzee, ukalete maji mengine. Na ningeenda, nikinung'unika njia nzima.

Mama yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikifika huko mliko.

Pumzika, mama.

Baba yako