Vikombe vya Wageni

Mkwe wangu,

Mtoto nimempeleka zahanati, kifua kimembana. Uliwasha jiko la mkaa kwa vikombe vya plastiki vya wageni wa jana, ukaenda zako dukani, na moshi wote ukaingia chumbani kwake. Vya bati vimejaa kabatini, lakini ulisema, "Baba, vinatutia aibu!" Haya, wageni wametuheshimu, mtoto anakohoa.

Fungua madirisha yote. Chupa za plastiki walizoacha wageni, nimeshaziosha; mpe yule anayekusanya plastiki, zikatengenezwe upya. Ole wako uzitie motoni! Wageni wakirudi watakunywa kwenye bati, au waje na vikombe vyao.

~~Usitufuate.~~ Njoo upesi na sweta lake. Anakulilia wewe; mimi hataki hata nimbebe.

Babu mtu